Matanga ya Yohane

Kabla hakujapambazuka Rahabu alisikia tone likiangukia karai. Lilianguka moja, pakawa kimya, likafuata jingine, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayebisha hodi huku akiogopa kuwaamsha wenye nyumba. Bati lilikuwa limetoboka juu ya kitanda cha mwanawe, na kwa kuwa kitanda chenyewe hakikuwa na mtu, alikuwa amekisogeza ukutani na kuweka karai mahali pake. Alilala akisikiliza mpaka jogoo wa jirani akawika, ndipo akainuka, akamwaga maji nje, akalirudisha karai palepale.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne. Mwaka uliotangulia mvua ilikataa kabisa, mahindi yakakauka yangali mafupi, na watu wa milimani wakajifunza kula unga wa njano ulioletwa kwa meli, wakaupangia foleni dukani na kuupika huku wamekunja pua. Sasa masika yalikuja yote kwa pamoja, kama deni linalolipwa kwa hasira. Matuta yalibomoka, udongo ukateremka barabarani, na migomba iliyokuwa imevumilia jua ikaanguka kwa maji.

Rahabu alikuwa mjane. Mumewe, Nathanaeli, alikuwa amefariki zamani kidogo, na binti yake mkubwa aliolewa Lushoto. Mtoto wa kiume alikuwa mmoja tu, Yohane, naye wakati huo alikuwa nyika, kwenye kijiji kipya cha ujamaa kilichofunguliwa mbali kupita Mombo. Vijana wengi waliitwa kwenda kufyeka pori na kulima. Waliambiwa kuna ardhi huko, na hilo lilikuwa kweli, maana milimani shamba lilikuwa limegawanywa baba kwa mtoto mpaka likabaki kama leso. Lakini watu wa milimani waliiogopa nyika tangu enzi za mababu, kwa sababu ya mbu na homa. Yohane alipokwenda kuaga, mama yake alimfungia ndizi za kuchoma na kumwambia alale amejifunika uso. Hakwenda peke yake. Alikwenda na Yohane mwingine.

Na hapo ndipo ilipo habari yenyewe.

Rahabu hakulitaka jina hilo. Alipokuwa na mimba alisikia kanisani likisomwa jina la Onesimo, likamkaa moyoni. Katika mlima mzima hakukuwa na Onesimo hata mmoja, na yeye alitaka mtoto wake akitajwa mahali, watu wajue anatajwa nani. Lakini babamkwe wake aliitwa Yohane, mmoja wa waliobatizwa mwanzo kabisa na Wajerumani wa misheni, na mjukuu wa kwanza wa kiume lazima achukue jina la babu.

"Yohane!" Rahabu alimlalamikia mumewe. "Jina limekuwa kama njia ya sokoni, kila mtu anapita. Halina hata ladha."

Nathanaeli alicheka. "Ni kweli. Ukirusha jiwe kanisani utampata Yohane, na likidunda litampata mwingine. Lakini mke wangu, nani atakwenda kumwambia mzee? Wewe?"

Hakuna aliyekwenda kumwambia mzee. Jumapili ya ubatizo Rahabu alisimama mbele na mtoto wake, na pembeni yake alisimama Esta, jirani wa chini karibu na mto, aliyejifungua wiki hiyohiyo. Mchungaji alimbatiza mtoto wa Rahabu, Yohane. Akamgeukia Esta akauliza jina. Esta, ambaye hakuwa na mkwe wa kumlazimisha wala babu wa kurithiwa, akasema kwa sauti yake ya furaha, "Yohane."

Walipotoka nje Rahabu alimkabili. "Majina yote yamekwisha duniani, Esta?"

"Nimelipenda. Nifanyeje?"

"Ungepewa akili ukapenda jingine!"

"Mwenzangu, jina si shuka, kwamba tukijifunika wawili mmoja atabaki nje na baridi."

Rahabu alinuna, lakini kununa mbele ya Esta kulikuwa kazi ngumu. Ndani ya mwezi walikuwa wakichota maji pamoja tena. Kijiji, kwa kuwa sasa kilikuwa na kina Mama Yohane wawili wa umri mmoja, kikawaita Mama Yohane wa Juu na Mama Yohane wa Mtoni. Watoto wenyewe wakaitana somo, kama ilivyo desturi ya wenye jina moja, na wakakua wakila nyumba yoyote iliyokuwa na chungu motoni.

*

Siku ile karai lilipomwamsha, Rahabu alichuma chai mpaka kapu likajaa, akalipeleka kwenye banda la kupimia majani. Wanawake walikuwa wamejikunyata chini ya paa, wengine wamejifunika magunia. Esta alikuwapo, akimchokoza karani kwamba mizani yake inakula majani kuliko mbuzi.

Lori likaja likiteleza. Dereva alikuwa Issa, kijana wa Kibondei aliyependa kupiga honi tangu kona ya kwanza ili wasichana wajipange. Siku hiyo hakupiga honi. Aliteremka, akavua kofia, akaishika mbele ya tumbo kwa mikono miwili.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba. Leo honi imeuzwa?" mmoja akauliza, na wengine wakacheka.

Issa hakucheka. "Jana nilikuwa Mombo. Kuna mtu ametoka nyika, kanipa neno nililete. Sikulipenda, lakini nimepewa." Akatazama chini. "Yohane amefariki. Ni homa. Wamekwisha mzika hukohuko."

Kapu la mtu lilianguka. Karani akashika mizani isicheze, kama kwamba kuna kitu bado kinapimwa.

"Yohane yupi?" akauliza karani.

"Yohane wa kijiji hiki, Mponde. Ndivyo nilivyoambiwa. Yule kijana aliyekwenda kulima."

"Mwana wa nani?"

Issa aliinua macho, akaona jinsi watu walivyowatazama wanawake wawili, kisha wakaacha kuwatazama.

"Kwani wako wawili?" akasema.

Wanawake, ambao kilio kikitokea mikono yao hujua yenyewe pa kwenda, walinyanyuka wakamshike mfiwa, wakasimama katikati ya njia. Mmoja alimwelekea Rahabu, akasita. Mwingine alimwelekea Esta, naye akasita. Rahabu alimtazama Esta, na Esta alikuwa akimtazama yeye, na kila mmoja aliona machoni pa mwenzake kitu ambacho mtu hapendi kuonwa nacho.

Issa alirudi garini akiwa analia. Alikuwa angali mdogo. Kabla ya jioni udongo uliporomoka chini ya Soni na kuziba barabara, na hakuna gari lililopanda tena wala kushuka.

*

Timotheo, mume wa Esta, alisema atashuka kwa miguu. Alikuwa mtu mpole asiye na maneno mengi. Alivaa viatu vyake vya kanisani, kwa kuwa ndivyo pekee vilivyokuwa vizima, akachukua fimbo, akapitia kwa Rahabu kabla ya kuondoka.

"Nitakuletea neno lako, shemeji," alisema, "liwe lipi."

"Mungu akutangulie."

Alipokwisha kwenda, likabaki jambo ambalo kijiji hakijawahi kukutana nalo. Msiba umefika, na hauna nyumba. Matanga hukaliwa kwa mfiwa. Huko ndiko watu hulala chini kwenye majani makavu ya migomba, huko ndiko kuni hupelekwa, huko ndiko moto wa ndani huzimwa na majirani wakapika nje. Sasa wapeleke wapi? Mzee Mathayo, mzee wa kanisa, alisema hawezi kuchagua, maana kuchagua ni kama kuua. Na kila mmoja alielewa kwamba mwanamke atakayefungua mlango wake na kusema karibuni, ni yeye atakuwa amekubali kwamba mwanawe ndiye aliyekufa.

Rahabu aliketi kizingitini mwake. Kutoka pale aliweza kuona njia panda, moja ikipanda kwake, nyingine ikiteremkia mtoni. Watu walikuja katika mvua na kuni vichwani. Wakifika njia panda wanasimama. Wanatazama juu, wanatazama chini, wanatua mzigo palepale, wanarudi walikotoka. Mwingine akaleta mkungu wa ndizi, akauweka juu ya kuni. Mwanaidi, mke wa kibarua wa chai aliyetoka bara ya mbali, Mwislamu asiyejua Kishambaa hata kidogo, alileta maharage kwenye kibuyu, akakifunika kwa jani ili yasilowe. Lundo likawa kubwa, linanyeshewa, na hapakuwa na sauti ya kilio popote.

Rahabu alijiambia kwamba hatafungua. Mlango akaurudisha mpaka ukabaki upenyo wa jicho moja. Ndani ya kifua chake lilikuwapo ombi, na ombi hilo lilikuwa na jina, na jina hilo halikumfaa hata kwa kuomba, maana kila alipomwambia Mungu amwache Yohane, ilimbidi aongeze kwamba ni yupi. Na kuongeza huko ndiko kulikomtisha.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama nyuma ya mawingu alipomwona Esta akitokea mtoni. Alikuwa peke yake, kanga imemgandama mwilini. Alifika kwenye lile lundo, akalitazama muda mrefu. Akainama. Akajitwika mzigo wa kuni, akageuka, akateremka nao nyumbani kwake. Akarudi, akachukua mwingine.

Basi watu wakatoka majumbani. Wakachukua kuni, wakachukua ndizi na maharage, wakamfuata. Na punde kilio kikapanda kutoka mtoni, kilio cha wanawake wengi, kilekile ambacho kijiji kilikuwa kimekizuia mchana kutwa.

Rahabu alishika mlango kwa mikono miwili. Alisikia kifua chake kikilegea na pumzi ikirudi. Mama mtu amehisi, alijiambia. Mama hujua. Akajifunga kanga, akachukua kisu cha kumenyea, akaenda msibani kusaidia.

*

Alipika kuliko wote. Alimenya ndizi mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, akapepea kuni mbichi mpaka macho yakawa mekundu, na watu walipoyaona macho yale walimhurumia kwa mapenzi yake kwa jirani. Unga wa njano wa nyumba nyingi ulichanganywa kwenye sufuria moja. Mwanaidi alikaa karibu naye na kumgeuzia kanga yake upande wa moto ikauke, akaigeuza tena.

Esta alikaa ndani, sakafuni, kichwa kimefunikwa. Rahabu alipompelekea uji, Esta alimshika kiganja.

"Wewe umekula?"

"Usiniulize mimi," Rahabu alisema.

"Kula. Huli, nakuona."

Mzee Mathayo aliendesha ibada. Vitabu vya nyimbo vilikuwa vichache, watu waliimba kwa kichwa. Alimwombea Yohane, kijana wetu, aliyelala mbali na nyumbani, akasema fadhila zake: kwamba alikuwa mcheshi, kwamba alikuwa hodari wa kupanda miti mirefu, kwamba hakupita kwa mtu mzima bila kusema shikamoo. Mambo hayo yaliwafaa vijana wote wawili. Rahabu aliyasikia kutoka jikoni, kupitia moshi, huku akikoroga maharage yasishike chini. Wimbo wa kuaga ulipoimbwa, alikuwa amekwenda kuchota maji.

Chakula kilikwisha kabla ya siku zilizozoeleka kutimia. Kila nyumba ilikuwa imetoa ilichokuwa nacho, na nyingine zilitoa kilichokuwa cha watoto. Kwa hiyo matanga yakaanuliwa mapema. Majani makavu yakafagiliwa nje, sufuria zikarudishwa kwa wenyewe, watu wakaenda kuangalia mashamba yao yaliyobomoka.

Rahabu alibaki kumsaidia Esta kuosha vyombo mtoni. Walikuwa wamechuchumaa wakisugua kwa mchanga, Esta akaacha kusugua. Akasimama. Akatoa sauti ambayo Rahabu aliidhania ni kilio kinaanza upya, akanyoosha mkono amshike.

Ng'ambo ya mto, kwenye njia ya kutokea Soni, Timotheo alikuwa akija na fimbo yake. Nyuma yake alikuja kijana, amekonda, nywele zimempunguka kwa homa, amebeba jembe lisilo na mpini.

Esta aliingia mtoni na nguo zake. Rahabu alibaki na sufuria mkononi. Alimwona Esta akimshika mtoto mabega, akimshika uso, akimgeuza huku na huku. Alimwona kijana akijitoa mikononi mwa mama yake taratibu, akivuka maji, akija moja kwa moja mpaka pale alipokuwa yeye. Alipiga magoti kwenye mchanga.

"Shikamoo, mama," alisema Yohane wa Esta.

Rahabu alifungua kinywa aitikie. Neno dogo kama lile, ambalo alikuwa ameliitikia maisha yake yote, halikutoka.

*

Huzuni ina njia zake, nayo ikikosa njia huumiza zaidi. Rahabu alirudi kwake, akafungua mlango wazi kabisa, pande zote mbili. Akaketi sakafuni. Lakini hakuna aliyeleta kuni.

Si kwamba watu walikuwa na roho mbaya. Walikuja, mmojammoja, mikono mitupu imefichwa chini ya kanga kwa aibu. Walisimama mlangoni, wakasema pole, wakakaa kidogo, wakaondoka kwenda kutafuta cha kuwapa watoto. Walikuwa wamekwisha lia. Sauti zilikuwa zimekauka, na hata wakijaribu kuanza, kilio kilikatika njiani. Kwa Yohane walikuwa wamemaliza.

Mzee Mathayo alikuja akiwa amechoka. Rahabu alimwomba amfanyie mwanawe ibada.

"Mama Yohane," mzee alisema, akikwepa macho yake, "ibada tulikwisha fanya. Tulimwombea Yohane. Jina ni lilelile, na Mungu alijua ni yupi."

"Mungu alijua. Mimi sikujua."

"Ni kweli, lakini..."

"Mlimuaga mwanangu nikiwa jikoni, baba. Nilikuwa nakoroga maharage." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Wimbo wake umeimbwa, mimi niko kisimani. Kama ningemwita Onesimo, mngekuja hapa siku ileile. Mngekuja na kuni."

Mzee aliinama, akakaa naye sakafuni, yeye mzee mwenye magoti mabovu, na baada ya kitambo akaanza kuimba peke yake, kwa sauti iliyopasuka, ubeti mmoja na mwingine. Alisahau maneno ya ubeti wa tatu, akaimba wa kwanza tena. Mwanaidi aliyekuwa nje alisikia, akaingia, akavua viatu. Hakuujua wimbo. Alikuwa amebeba unga kwenye kona ya kanga, kiasi cha mtu mmoja. Akawasha mafiga nje, akapika, na Rahabu akala, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kukataa. Ibada ya mwanawe ilikuwa hiyo.

Esta alikuja jioni hiyo na majani makavu ya migomba kichwani. Akayatandika sakafuni, akalala pembeni ya Rahabu. Walilala wameupa ukuta migongo, kama walivyokuwa wakifanya walipokuwa wasichana wakingoja mvua ipite shambani.

"Kwa nini ulizichukua kuni?" Rahabu aliuliza.

Esta alisogeza jani lililomchoma mgongoni.

"Ulihisi ni wako?"

"Sikuhisi kitu. Nilikuwa naomba kama ulivyokuwa unaomba wewe. Nadhani maombi yetu yalikuwa yanapigana ngumi huko juu." Alivuta pumzi. "Niliziona kuni zinalowa. Nikasema, mimi nina Timotheo, nina wasichana wangu. Wewe umo mle ndani peke yako na mlango umeurudisha. Nikasema, kama ni wako utajua tu, lakini usijue leo. Leo alale."

"Nililala," Rahabu alisema. "Mungu anisamehe. Nililala usingizi mzuri."

"Ndivyo nilivyotaka."

Akamfunika miguu kwa kanga yake. Wakaanza kulia, na hawakujua nani alianza.

*

Yohane wa Esta hakuja mara moja. Homa ilimrudia, na alipopona, mama yake alisema alikuwa akifika njia panda na kurudi. Kijijini watu walinong'ona kwamba asiende kabisa. Walisema si vizuri kijana mzima aliyetoka kumzika somo wake aende kuitwaitwa na mfiwa, jina lisije likamvuta naye. Maneno hayo yalimfikia Esta. Akasema, mbele ya watu kwenye banda la chai, "Jina sikulinunua. Aliyekuwa nalo kwanza ni mwana wa Rahabu. Mwanangu atakwenda." Lakini Rahabu alijua kwamba siku zile Esta alikuwa akiamka usiku na kumgusa mtoto paji la uso.

Kijana alikuja mchana mmoja, mvua imepungua. Alikaa kwenye kigoda cha chini kuliko cha Rahabu, kama mtoto aliyelelewa. Rahabu alimpa chai isiyo na sukari, akamwambia aeleze yote asimfiche.

Yohane alieleza. Walilala kwenye banda la nyasi lisilo na kuta. Waliugua pamoja, vitanda viwili vya miti, wakichekana nani anatetemeka zaidi. Zahanati ilikuwa mbali na trekta lilikuwa limeharibika. Yeye alianza kupata nafuu, mwenzake akazidi. Alimchimbia kaburi yeye mwenyewe na watu wawili wa Handeni, jembe likavunjika mpini kwa sababu ardhi ya huko ni ngumu. Aliweka jiwe upande wa kichwa. Kisha akaanguka tena kwa homa, hakujua kama kuna mtu aliyetuma neno, wala lilivyotumwa.

"Mlikuwa mkiitanaje?" Rahabu aliuliza.

"Somo, mama. Kama siku zote."

"Na watu wa huko?"

"Walituita Mponde. Wote wawili. Mponde mrefu na Mponde mfupi, wakikumbuka. Wasipokumbuka, Mponde tu."

Rahabu alifikiri. "Basi huko hakuna aliyemwita kwa jina lake."

Kijana alishika kikombe kwa nguvu. "Mimi nilimwita. Siku ile ya mwisho. Nilisema somo, akanyamaza. Nikasema Yohane." Akakiweka kikombe chini. "Nilijisikia ovyo, kama najiita mwenyewe. Nikaita tena. Hakuitika."

Nje, maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye migomba. Rahabu alitazama mikono ya kijana, ambayo bado ilikuwa na malengelenge ya jembe, akaona jinsi kucha zilivyokuwa zimekatwa vizuri, na akajua Esta amemkata kwa ajili ya kuja hapa.

Kuna kitu alikuwa amekibeba tangu siku ya mtoni. Hakikuwa swali. Alikuwa na jina mdomoni, amelilea miaka kumi na tisa, amelalamika juu yake, amelipigia kelele kutoka kizingitini kila jioni mpaka likalainika kwa kutumiwa, na sasa halikuwa na pa kwenda. Alikuwa ameogopa hata kulitaja peke yake ndani ya nyumba, kwa vile alijua ukimya utakaofuata.

"Yohane," alisema, polepole.

"Naam, mama."

Alijibu upesi, bila kufikiri, kama mtoto yeyote anavyomjibu mtu mzima. Kisha alielewa alichoitikia, akainamisha kichwa. Rahabu alifunika uso kwa kanga. Alikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Haikuwa sauti ya mwanawe. Yule alikuwa akiitika kwa kukokota, kwa uvivu, kutoka mbali. Hii ilikuwa nyepesi, na ya karibu mno. Iliuma. Lakini ilikuwa sauti, na imetoka mahali jina lilipokwenda.

Yohane alipoinuka kuaga, Rahabu alimfuata mpaka mlangoni. Alimshika mkono, akaushikilia.

"Utakuja tena?"

"Nitakuja, mama."

"Usije kwa ajili ya kuniangalia, mimi ni mzima. Na mama yako umwambie sitakuchelewesha." Alitazama nje, kwenye migomba iliyokuwa ikidondosha maji. "Ukija usibishe hodi. Simama pale chini, mahali nisipokuona vizuri. Mimi nitatoka hapa nikuite. Nikiita mara ya kwanza usiitike upesi, chelewa kidogo. Nikiita mara ya pili, uitike. Uje tena, mwanangu. Hata kesho, uje."